Mwongozo kamili wa kula kwa mama lishe, mgahawani na safarini bila nyama wala samaki

Asiyekula nyama hana haja ya kubeba kontena la chakula kila anapotoka nyumbani. Wali maharage wa Dar es Salaam, chapo ndengu (chapati na choroko) ya Nairobi, mbaazi za nazi na mahamri za Mombasa, makande, githeri, ugali kwa mchicha wa karanga: hivi ni vyakula vya watu wote, na vinapikwa kila siku kila mtaa. Kinachomkwamisha mla mboga ni mambo madogo yanayotokea jikoni. Wali unamwagiwa mchuzi wa nyama ili usiwe mkavu. Dagaa wachache wanatiwa kwenye kisamvu kwa ajili ya ladha. Pilau inapikwa kwa supu ya ng'ombe, kisha unaambiwa nyama itaondolewa juu. Menyu ya ukutani haisemi lolote kati ya hayo, kwa hiyo mwongozo huu unafundisha kuulizia sufuria.

Nimewalenga wanaokula sehemu za kawaida: kwa mama lishe, kwenye kibanda, mgahawa wa mtaani, baa yenye jiko, kituo cha basi. Hoteli za kitalii zina wahudumu waliozoea maombi haya, na huko huhitaji msaada mkubwa.

Hatua ya kwanza: weka mpaka wako kabla ya njaa

Kaa nyumbani ujibu maswali manne. Je, unakula mayai? Je, unatumia maziwa, siagi na samli? Je, unakubali mchuzi uliopikwa pamoja na nyama ikiwa nyama yenyewe imetolewa? Je, unakubali chips zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga kuku?

Mawili ya kwanza wengi huyajibu haraka. Mawili ya mwisho ndiyo yanayoleta mzozo mezani, kwa sababu mpishi na mteja wanayaona tofauti. Kwa wapishi wengi, kuondoa vipande vya nyama ni kuondoa nyama. Kama kwako haitoshi, ni lazima useme mapema, na huwezi kusema jambo ambalo wewe mwenyewe hujaliamua.

Watu wanaoacha nyama hawafanani. Wahindu wengi wasiokula nyama hunywa maziwa lakini hawagusi mayai. Wajaini huacha hata vitunguu, viazi na mazao mengine yanayong'olewa ardhini. Muumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia akiwa kwenye mfungo haachi nyama tu, anaacha pia maziwa, mayai na siagi. Warasta wengi wana chakula chao cha Ital, yaani cha asili kisicho na nyama. Wapo Waadventista wa Sabato, ambao baadhi yao wameacha nyama kwa sababu za afya. Na wapo ambao hawana sababu ya dini, wamechagua tu. Mama lishe wa mjini amekwisha kuwapikia baadhi ya watu hawa, ila hawezi kujua wewe ni wa kundi gani mpaka umwambie.

Hatua ya pili: chagua saa, kisha mahali

Saa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mlo wa mchana ndio rafiki wa mla mboga. Kwa mama lishe wa Tanzania vyakula huanza kuiva kuanzia saa tano, na kati ya saa sita na saa saba masufuria yote yako kamili: wali, ugali, maharage, mchicha au matembele, kabichi, pengine njegere na kisamvu. Ukifika saa tisa, maharage yamebaki ya chini na mboga za majani zimekwisha. Kilichosalia ni nyama na samaki, kwa kuwa ndivyo vya bei kubwa. Nenda mapema.

Asubuhi ni ngumu zaidi kwenye sehemu za supu, maana chapati pale huliwa na supu ya ng'ombe, mbuzi, utumbo au makongoro. Lakini jirani na kila sehemu ya supu yupo anayeuza chai, maandazi, vitumbua, mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha, na mara nyingi chapati na maharage. Uji nao ni mzuri, wa ulezi hasa. Ukiagiza uji wa lishe, uliza unga umechanganywa na nini, kwa kuwa baadhi ya unga wa lishe husagwa pamoja na dagaa.

Usiku ni zamu ya chips, mishkaki na nyama choma. Utakula, ila kwa uangalifu zaidi. Nitarudi huko mbele.

Kuhusu mahali, ninapendelea sehemu ambayo masufuria yanaonekana. Pale unaona kilichomo, unamwona anayepakua, na unaongea na aliyepika. Kwenye mgahawa ambao jiko liko nyuma ya ukuta, neno lako linapita kwa mhudumu, kisha kwa msaidizi, kisha kwa mpishi, na njiani hupungua.

Hatua ya tatu: salimia, kisha taja unachokiacha kwa majina

Ukisema "sili nyama" halafu ukanyamaza, usishangae ukiulizwa, "Basi nikupe kuku au samaki?" Mhudumu hajakosea. Kwenye ubao wa vyakula vyetu nyama ni ng'ombe au mbuzi. Kuku ana mstari wake, samaki ana wake, dagaa wao hawahesabiwi kabisa. Taja vyote. Vilevile Tanzania ukiuliza "mboga gani ipo?" utajibiwa nyama, samaki, maharage, maana chochote kinacholiwa na ugali ni mboga. Uliza "mboga za majani" na "maharage au njegere" moja kwa moja. Kenya neno hilo halitakusumbua: mboga kule ni sukuma, kabichi au mboga za kienyeji.

Maongezi yenyewe hayachukui hata dakika moja:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Kuna wali, ugali, nyama, kuku, samaki, maharage."

"Asante mama. Mimi sili nyama, kuku, samaki wala dagaa, na mchuzi wake pia situmii. Naomba wali, maharage na mchicha. Mchicha wa leo umeungwa na nini?"

"Nazi na nyanya tu."

"Basi niwekee wa kutosha. Juu ya wali usiniwekee mchuzi, niwekee maharage yenyewe."

Sentensi ya mwisho isisahaulike. Kumwagia wali mchuzi ni ukarimu, na mkono wa mpakuaji unaufanya bila kufikiri, wakati mwingine baada ya wewe kueleza kila kitu. Simama karibu mpaka sahani ifike mikononi mwako.

Ikiwa anayepakua ni kijana wa rika lako, "dada" au "kaka" inatosha. Ukiwa Nairobi utasema "Habari ya mchana, mama" au "mathe" mkizoeana. Heshima ina kazi hapa: unamwomba mtu aliyeshikwa na foleni ajibu swali la ziada, na anayesalimiwa vizuri hujibu kwa ukweli. Sababu zako za kuacha nyama usizihubiri kwenye foleni. Akikuuliza, jibu kwa ufupi.

Baadhi watakuuliza kama unaumwa, au kama ni mfungo. Kusema "daktari amenikataza" wakati si kweli kunarahisisha siku moja na kuharibu siku zinazofuata, kwani utakaporudi utaulizwa kama umepona. Sema tu, "Ndivyo ninavyokula siku zote." Hilo linakumbukwa, na mara ya tatu atakuwa amekwisha kujua sahani yako.

Hatua ya nne: jua kila chakula kinaficha nini

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapoomba usome taratibu.

Maharage ndiyo salama kuliko vyote. Kwa kawaida huungwa kwa kitunguu, nyanya, karoti na pengine nazi. Mambo mawili tu ya kuuliza: kama yametiwa viungo vya pakiti au vya kidonge vyenye ladha ya ng'ombe au kuku, na kama upawa wake ndio ule ule wa sufuria ya nyama. Njegere ziangalie zaidi. Zinapikwa na viazi na karoti, lakini pia na nyama ya kusaga, na vipande vyake vikiiva sana havionekani. Choroko, ambazo Kenya ni ndengu, na dengu mara nyingi huwa peke yake. Chapo ndengu ya kibandaski cha Nairobi ni mlo kamili wenye bei nafuu ambao sijaona wa kuushinda kwa mla mboga wa mjini. Mbaazi za Pwani hupikwa kwa tui, na pamoja na mahamri ni kifungua kinywa kizima cha Mombasa, Lamu na Tanga.

Mboga za majani zinahitaji swali moja: "Zimeungwa na nini?" Mchicha na matembele huungwa kwa nazi, karanga au mafuta tu. Kisamvu ni kizuri sana kikiwa cha karanga au nazi, lakini ndicho kinachobeba dagaa au kamba wakavu mara nyingi kuliko majani mengine, na kwa kuwa kimetwangwa, jicho halikusaidii. Mlenda nao una tabia hiyo hiyo sehemu za bara. Ukiwa Kivu, mashariki mwa Kongo, ukaletewa bugali (ugali) na sombe (kisamvu), chukulia kwamba ndani kuna samaki au ndakala (dagaa) mpaka uhakikishiwe vinginevyo, kwani ndivyo sombe inavyopikwa na wengi. Lengalenga, ambazo ni mchicha, ni chaguo salama zaidi. Kenya, managu (mnavu) na kunde mara nyingi hutiwa maziwa au malai. Ni jambo jema kwa anayekunywa maziwa, na tatizo kwa asiyekunywa.

Wali mweupe na wali wa nazi havina shida. Pilau ndiyo mtego mkubwa. Pilau ya kawaida hupikwa kwa kukaanga nyama na viungo, kisha mchele unaivia kwenye supu ile ile. Hakuna namna ya kuiondoa nyama iliyokwisha kuingia kwenye kila punje. Ukiambiwa "tutakuwekea pilau tupu," jibu ni kwamba pilau tupu bado ni ya nyama. Biriani ya Pwani ni tofauti kidogo: wali wake huchemshwa peke yake na rojo hutengenezwa kando, kwa hiyo unaweza kuomba wali wa biriani bila rojo. Lakini wapishi wengi humwagia wali huo samli au mafuta ya rojo yenyewe. Muulize mpishi, asikujibie mhudumu.

Ndizi zinadanganya kwa sura. Mtori ni ndizi na nyama, machalari ya Kilimanjaro ni ndizi na nyama, na ukiagiza "ndizi" mchana mjini Moshi au Arusha bila neno jingine, ndivyo utakavyoletewa. Kiburu, kwa upande mwingine, ni ndizi na maharage, na nakuomba ukitafute. Si kila mgahawa unakipika, lakini ukikipata utashiba mpaka usiku. Ndizi mbivu za nazi na ndizi za kukaanga hazina tatizo. Uganda, matoke huliwa na mchuzi wa karanga, ambao wakati mwingine huchanganywa na samaki mkavu, uliza.

Makande na githeri ni mahindi na maharage, lakini zipo sehemu wanakoongeza nyama ili kuvuta wateja. Mukimo wa Kikuyu, yaani viazi, mahindi na majani ya maboga vilivyopondwa pamoja, hauna nyama ndani. Angalia tu wasikumwagie mchuzi juu.

Vitafunwa sasa. Sambusa ni ya nyama mpaka uhakikishiwe ni ya viazi au dengu, na zote zinafanana nje. Omba apasue moja mbele yako. Katlesi ni viazi nje na nyama ya kusaga ndani. Kachori huwa ni viazi na viungo. Bagia za dengu au kunde ni salama, na viazi karai vya Mombasa vimepakwa unga wenye manjano, vikaliwa na ukwaju. Chapati ya kawaida ni unga, maji na mafuta, lakini chapati za maji huwekwa mayai, na wapo wanaopaka samli. Zege, yaani chipsi mayai, ni ya anayekula mayai tu. Rolex ya Uganda hali kadhalika, kwani ni chapati iliyoviringiwa mayai ya kukaanga.

Hatua ya tano: jenga sahani yako mwenyewe

Usitafute mlo ulioandikwa "wa mboga". Sehemu nyingi hauko, na unapokuwepo ni tambi zenye karoti kwa bei ya kuku. Agiza kwa vipande: wanga mmoja, jamii ya kunde moja, majani ya aina moja au mbili, kachumbari, tunda. Wali, maharage, matembele, kachumbari, kipande cha parachichi. Ugali, njegere, kabichi, ndizi mbivu. Migahawa mingi ya Tanzania siku hizi inauza ugali wa mboga saba, sahani yenye vijibakuli vya vitoweo mbalimbali. Huo ni mlo wa kukubaliana: mwombe mhudumu aondoe dagaa, samaki na nyama, aongeze maharage na majani mahali pake. Sehemu nyingi hukubali, mradi umeomba kabla sahani haijapangwa.

Kunde usiziache. Watu wanaoacha nyama mgahawani hujikuta wanakula wali na kabichi, chips na kachumbari, kisha wanalalamika kwamba chakula cha mboga hakishibishi. Nguvu ya sahani iko kwenye maharage, dengu, mbaazi, njegere na karanga. Kamulia ndimu au ula kachumbari pamoja nayo, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na majani. Chai nayo iache mpaka baadaye, kwani ikinywewa pamoja na chakula hupunguza uchukuaji huo. Vitamini B12 haipatikani ya kutegemewa kwenye mimea; anayekula mayai na kunywa maziwa au mtindi anaipata humo, asiyetumia vyote hivyo atumie vidonge au vyakula vilivyoongezewa B12. Jambo hili lisipuuzwe, hasa kwa mjamzito na kwa watoto.

Hatua ya sita: uliza mafuta, karai na mwiko

Kwenye kibanda cha chips kuna karai moja. Kuku wanakaangwa humo, samaki wanakaangwa humo, na chips zako zinafuata. Kama hilo linavuka mpaka wako, njia ni tatu. Fika jioni mapema, mafuta yakiwa mapya, uombe chips zako ziwe za kwanza. Au chagua muhogo, ndizi au mahindi ya kuchoma kwa muuzaji anayechoma hivyo tu. Au nenda kwa wauza bagia na viazi karai ambao karai yao haijui nyama, na Pwani wapo wengi.

Upawa ni rahisi zaidi: "Mama, naomba unipakulie kwa kijiko kingine." Likisemwa kwa sauti ya kawaida, halimkeri mtu.

Baa, nyama choma na rafiki zako

Huwezi kuwakwepa rafiki zako kila Ijumaa, na haifai. Baa yenye jiko la nyama choma kwa kawaida ina ugali, ndizi za kuchoma au kukaanga, chips, kachumbari, na pengine mayai na maharage. Agiza chako kivyako, kwenye sahani yako, kabla sinia la pamoja halijafika. Sinia likishafika, ndizi na kachumbari vimelala chini ya mbuzi na mafuta yake. Ndizi za kuchoma mwombe mchomaji aziweke pembeni ya wavu au azifunge kwenye foili.

Jambo la pili ni bili. Kama mnachangia sawasawa, zungumza mwanzoni, kwa upole, kwamba utalipa chakula chako na kuchangia vinywaji. Likisemwa mwisho, mbele ya mhudumu, linaleta aibu kwa kila mtu.

Kisiwani na Pwani

Unguja na Mombasa ni sehemu nzuri sana kwa mla mboga anayejua kuuliza. Urojo wa Unguja, kwa msingi wake, ni mchuzi mchachu wa embe na ndimu wenye viazi, bagia, kachori, chatini ya nazi na muhogo mwembamba wa kukaangwa. Mishkaki na yai ni nyongeza. Sema "bila mishkaki" kabla bakuli halijaanza kujazwa. Pale bustani ya Forodhani usiku, "Zanzibar pizza" huwa na nyama ya kusaga na yai, lakini inatengenezwa mbele ya macho yako, kwa hiyo unaweza kuiagiza ya mboga na jibini, au ya ndizi. Kikaango ni kile kile cha nyama, pima mwenyewe.

Mwezi wa Ramadhani, mchana Unguja migahawa mingi ya wenyeji hufungwa, na kula hadharani si adabu. Lakini jioni! Futari ni karamu ya mimea: muhogo wa nazi, viazi vitamu, magimbi, ndizi mbivu za nazi, maharage, tambi, kaimati, mkate wa kumimina. Uliza tu kama muhogo umepikwa na papa au nguru, jambo linalopendwa na wengi, na kama uji au supu ina nyama.

Kwa Wahindi na Wahabeshi

Unapotaka kula bila kuuliza hata swali moja, tafuta mgahawa wa Kigujarati usiopika nyama kabisa. Dar es Salaam anza na mitaa ya Kisutu na Upanga, karibu na mahekalu ya Kihindu. Nairobi anza na Parklands, Ngara na Westlands. Mombasa ipo mjini kati. Waulize wenyeji "mgahawa wa mboga tupu". Humo hakuna nyama, na kwa kawaida hakuna hata mayai. Agiza thali: sinia moja lenye dengu, mboga mbili tatu, wali, chapati nyembamba, achari na mtindi, na sehemu nyingi huongezewa mpaka utosheke. Asiyetumia maziwa awe macho, kwa sababu samli, mtindi na paneer (jibini la Kihindi) ziko kila mahali. Mgahawa wa Kihindi unaouza na nyama ni jambo jingine. Huko rudi kwenye maswali ya kawaida.

Migahawa ya Kihabeshi ya Nairobi, hasa upande wa Kilimani na Hurlingham, ni hazina ambayo wala mboga wengi hawajaifungua. Waorthodox wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, mbali na mifungo mirefu kama ule wa kabla ya Pasaka, kwa hiyo jiko lao limezoea kupika bila mnyama kabisa. Agiza beyaynetu ya mfungo: injera (mkate mwembamba mchachu) moja kubwa yenye dengu nyekundu, shiro (mchuzi wa unga wa kunde), sukuma, kabichi na karoti, viazi na saladi. Taja neno "ya mfungo", au "tsom" kwa lugha yao, kwa sababu nje ya hapo shiro inaweza kupikwa kwa siagi ya viungo.

Safarini

Basi la mkoani linasimama muda mfupi, na foleni ya chakula ni ndefu. Huo si wakati wa kuhoji kisamvu. Korogwe au Mtito Andei, chukua kinachojieleza chenyewe: mahindi ya kuchoma au kuchemsha, ndizi, machungwa, karanga, korosho, mayai ya kuchemsha kama unakula, chapati. Wali maharage ukiwepo, sema kwa kifupi, "Wali maharage, bila mchuzi wa nyama," na umwone akipakua. Beba ndimu na karanga zako kwenye begi kwa safari ya usiku.

Kikikosewa

Ukikuta kipande cha nyama au dagaa, usile pembeni yake huku umenuna. Mwite aliyekuhudumia, umwonyeshe bila kupaza sauti: "Dada, samahani, nilisema sili dagaa, na humu wamo. Naomba unibadilishie." Taja unachotaka badala yake, kitu kilichopo tayari, kama wali mwingine na maharage. Kama umeuliza ukajibiwa vibaya, una haki ya kubadilishiwa. Kama hukuuliza, lipa ulichoagiza, kisha uagize kingine.

Sherehe na mikutano

Harusi, semina na vikao vya ofisi vina mpishi mmoja na watu wengi, na pilau ndiyo inayotawala. Piga simu kwa mwandaaji siku mbili kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Usimwombe apike kitu kipya. Mwombe wali mweupe utengwe kabla ya pilau kuungwa, na sufuria ndogo ya maharage au njegere isiyo na nyama. Mjulishe mko wangapi, kwani mara nyingi utagundua hauko peke yako, na mpishi akisikia ni sahani sita badala ya moja anaipa sufuria hiyo uzito. Siku yenyewe, jitambulishe kwa anayepakua kabla foleni haijaanza, muulize sufuria yenu iko wapi, na upakue mapema. Maharage yakiwekwa mezani pamoja na vingine, wanaokula nyama nao huyapenda, na yataisha kabla hujafika.